Nani Kagusa Sailensi?

Saa moja na nusu asubuhi mlango wa mabati unasukumwa, na mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka magotini anaingia gereji. Hasalimii. Anasimama katikati ya uwanja na kuzungusha macho: kwenye magari, kwenye meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, kwenye makopo ya nati. Kisha anauliza swali ambalo majirani zake wote wamelizoea.

"Nani kagusa?"

Fundi umeme wa kibanda cha pili anaendelea kumenya nyaya. Mzee aliyeketi kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, chini ya dirisha la chumba chake, anaendelea kunywa chai. Mwanamke anaokota bisibisi iliyolala upande wa kushoto wa meza.

"Jana niliiacha kulia," anasema, huku akimkazia macho fundi umeme.

Jina lake la utani lilianzia hapo. Wateja, wauza spea, hata watoto wa jirani humwita Nanikagusa, naye huitika bila kinyongo. Ana miaka arobaini na minne, anatengeneza injini tangu alipoacha shule, na haamini kitu ambacho hajakishika kwa mkono wake.

Mwandishi wa makala haya naye hakwenda pale na moyo mweupe. Mwenye shule ya udereva iliyo mkabala na gereji, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, alifika katika chumba chetu cha habari akiwa amefura. Alitaka tuandike habari za fundi anayeharibu magari kwa makusudi ili yarudi kwake. Ikaamuliwa mwandishi aende kama mtu anayetafuta simulizi ya maisha ya mwanamke fundi, akae, atazame, amnase.

Kabla chai ya kwanza haijaisha, aliyenaswa alikuwa mwandishi.

"Wewe umetumwa," Nanikagusa alimwambia, huku akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mtu anayetaka maisha yangu angeniuliza nilianzaje kazi. Wewe unaniuliza spea za zamani natupa wapi."

Mwandishi akakana. Nanikagusa akacheka kidogo, akamsogezea ndoo iliyogeuzwa ili akalie.

"Kaa. Mtazame kila mtu, nami nitakutazama wewe."

Gari lililoleta maneno ni jeupe, dogo, la zamani, la kabureta, lenye kibao cha L mbele na nyuma. Kila siku asubuhi na alasiri linabeba wanafunzi wa udereva. Mchana, wanafunzi wanapoingia darasani kujifunza alama za barabarani, linaegeshwa ndani ya uwanja wa gereji kwa sababu shule haina kivuli.

Flaiwili lake lilipasuka. Flaiwili ni sahani ya chuma iliyofungwa nyuma ya injini, karibu na klachi, na kwa kawaida ni zito kiasi cha kuvunja mgongo. La zamani bado lipo pale gereji, linazuia mlango wa mabati usijifunge kwa upepo. Nanikagusa alitafuta jingine kama hilo akakosa. Shemeji yake, mume wa dada yake, ana duka la spea, na ndiye aliyemletea jipya, jepesi, lililochongwa kwa ajili ya magari ya mashindano.

"Nililibeba kwa mkono mmoja, nikashtuka," anasimulia. "Nikamwambia, shemeji, nusu nyingine umemuuzia nani? Akaapa mpaka jasho likamtoka. Nikalipima, matundu yanakaa sawa, meno yanakaa sawa. Mwalimu naye kasimama mlangoni anataka gari lake. Nikalifunga, lakini roho haikutulia."

Roho ilikuwa na haki yake. Gari liliondoka vizuri, likawa jepesi kuchanganya mwendo, halafu likaanza kuzima. Lilizima pale tu dereva alipotoa mguu kwenye mafuta: kwenye kona, kwenye makutano, mbele ya vivuko vya watu.

Mwanzoni hakuna aliyelishuku gari. Wanafunzi wa udereva huzima magari, hiyo ndiyo kazi yao. Mwalimu akawafokea: klachi, mama, klachi! Dada mmoja muuguzi, aliyekuwa anajifunza akitoka zamu, alilia barabarani akisema hana akili ya gari. Siku lilipomzimikia Mwalimu mwenyewe, katikati ya barabara, na lori nyuma yake likipiga honi bila huruma, ndipo akili ya gari ilipoanza kuchunguzwa.

Nanikagusa hakuona maajabu. Injini inapounguruma yenyewe bila mguu kwenye mafuta, mafundi huita hali hiyo sailensi, na sailensi ya gari lile ilikuwa chini mno kwa flaiwili lile.

"Lile zito likishazunguka halitaki kusimama," anaeleza, akiligusa la zamani kwa ncha ya kiatu. "Ukitoa mguu, lenyewe linaendelea kuivuta injini mpaka itulie taratibu. Hili jepesi halina subira. Ukitoa mguu, mzunguko unaporomoka mara moja, na ukiporomoka mpaka chini kabisa, injini imezima. Kwa hiyo unapandisha sailensi kidogo, ili ikianguka ipate pa kusimama."

Akakagua kwanza. Akasafisha kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, akatoa plagi akazitazama moja moja, akapitisha mkono kwenye mipira yote ya hewa kuona kama kuna unaovuta upepo pembeni. Kila kitu kizima. Akashika bisibisi, akakaza skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta inayopandisha na kushusha sailensi, akaliendesha gari mwenyewe kuzunguka mtaa. Halikuzima hata mara moja.

Alasiri ya siku hiyo hiyo likarudi likisukumwa na wanafunzi.

Alipofungua boneti alikuta skrubu imelegezwa. Akaikaza tena. Kesho yake asubuhi gari lilikwenda safi, na alasiri likarudi linasukumwa. Ikawa hivyo kila siku, mpaka wanafunzi wakaanza kuvaa viatu vya raba badala ya viatu vizuri.

Mwandishi alikuwepo siku Mwalimu alipofikia mwisho wa uvumilivu wake. Ni mwanaume mrefu, anayezungumza kama kila mtu yuko kiti cha nyuma.

"Fundi, tuambiane ukweli. Asubuhi zima, jioni bovu. Huo ni ugonjwa gani usioumwa asubuhi?"

"Mwalimu, mtu anashusha sailensi. Mimi naweka, mtu anashusha."

"Mtu gani? Jini?"

"Na wewe je? Kwenye dashibodi yako nimekuta bisibisi. Nyie madereva mnajulikana, mnashusha sailensi mkidhani mnaokoa mafuta."

Mwalimu alishika kiuno. Alisema bisibisi ile ni ya kukaza kioo cha pembeni, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kuitwa mwizi wa mafuta yake mwenyewe. Kisha akashusha sauti, na aliposhusha sauti ndipo alipotisha.

"Ijumaa wanafunzi wangu wana mtihani. Gari ni hilo moja linalofaa. Likizima mbele ya mtahini, nahamisha magari yangu yote, na kila atakayeniuliza nitamwambia kwa nini."

Ni tishio la kweli. Katika kila kazi kumi zinazoingia gereji ile, sita ni za shule ya Mwalimu. Kaka wawili wa Nanikagusa, ambao hawakutaka kuchafua mikono, wamekuwa wakisema tangu mwanzo kwamba gereji ya baba yao ingekodishwa kwa mwanaume anayejua kazi. Akipoteza shule na jina kwa mpigo mmoja, anasema, hatakuwa na la kuwajibu.

"Gari nitapata jingine la kutengeneza," Nanikagusa alisema baada ya Mwalimu kuondoka. "Lakini ukishaitwa fundi mharibifu, hata ukitengeneza vizuri watasema leo kasahau kuharibu."

Baba yake ndiye yule mzee wa kwenye kiti. Enzi zake alijulikana kama Mzee Glasi. Madereva walikuja kutoka mbali ili awawekee sailensi kwa sikio. Aliiwasha injini, akaweka glasi ya maji juu ya kifuniko cha chujio la hewa, akawa anashusha skrubu taratibu, akiinamisha kichwa, mpaka maji ndani ya glasi yakatulia tuli. Hapo wateja walikuwa wakipiga makofi. Glasi ile, nene, yenye ufa mdogo ukingoni, bado iko kwenye dirisha la chumba chake.

Mgongo ulipokataa kuinama, akamkabidhi binti funguo mbele ya kaka zake. Tangu hapo, kila mtu anasema, hagusi kazi. Anakunywa chai, anasikiliza redio, anapokea salamu.

"Mtu pekee ambaye simuulizi hapa ni Baba," Nanikagusa alimwambia mwandishi siku ya pili, kwa fahari kabisa.

Wengine wote aliwauliza, na wengine aliwauliza vibaya. Fundi umeme alishukiwa kwa sababu wanagombea nafasi ya kuegesha. "Mimi skrubu za kabureta nazijua wapi?" alilalamika, na mwandishi aliona kwamba alizijua vizuri tu, kwa kuwa alionyesha kwa kidole mahali ilipo. Shemeji alishukiwa kwamba anafanya fitina ili flaiwili jepesi lionekane bovu, alichukue na kuuza jingine kwa faida. Dada yake akapiga simu kumtetea mume wake, wakanuniana.

Mwandishi naye alimshuku kila mmoja kwa zamu. Zaidi ya wote alimshuku Nanikagusa, kwa sababu mtu anayewasema wengine kwa bidii namna ile mara nyingi ana lake.

Jumatano fundi aliweka mtego. Alichukua rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu ya kuumiza macho, akapaka mstari mwembamba kutoka kwenye skrubu hadi kwenye mwili wa kabureta. Mtu akiizungusha skrubu, mstari unakatika.

"Sasa na aje," alisema.

Ulipofika muda wa chakula, gari likiwa limeegeshwa uwanjani na wanafunzi wako darasani, watu wakatawanyika. Alasiri fundi akafungua boneti, akakuta mstari umekatika. Akageuka polepole.

"Mwandishi. Mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kununua soda."

"Nani shahidi yako?"

Mwandishi hakuwa na shahidi. Alilazimika kumpeleka kwa muuza duka, ambaye, Mungu amsamehe, alisema haikumbuki sura hiyo. Kwa saa nzima mtu aliyekuja kunasa mharibifu wa magari alikuwa yeye ndiye mharibifu, na kwa kweli si hali ya kupendeza.

Alhamisi asubuhi skrubu ikakazwa tena, mstari ukapakwa upya. Alasiri gari likaja likisukumwa. Yule dada muuguzi alikuwa mmoja wa wanaosukuma, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yake ya mtihani. Mwalimu alikuja nyuma yao akipiga kelele kabla hajafika mlangoni.

"Kesho! Kesho, fundi! Nani? Niambie leo, ni nani?"

Nanikagusa alifungua boneti. Mstari umekatika. Akainama zaidi, kisha mkono wake ukasimama hewani.

Mwandishi alikuwa begani kwake na alikiona alichokiona. Juu ya kifuniko cha chujio la hewa, kwenye vumbi la barabara, palikuwa na duara. Duara safi, la ukubwa wa kitako cha glasi, na ukingo wake ulikuwa na alama ya maji yaliyokauka.

Fundi akashusha mkono wa ovaroli yake na kulifuta lile duara, mara moja, kwa nguvu.

Ni lazima kusema ukweli: mwandishi alifurahi. Alidhani amemnasa. Kwa nini mtu afute ushahidi kama si wake?

"Ni mimi," Nanikagusa alimwambia Mwalimu. Sauti ilikuwa ndogo, haikufanana naye. "Ni uzembe wangu. Sikuwa naikaza vizuri. Hakuna mtu aliyegusa."

Mwalimu alikuwa ameitafuta kauli hiyo wiki nzima, na alipoipata hakujua aiweke wapi. "Basi," alisema mwishowe. "Nipe funguo za magari yangu yote."

"Asikudanganye, Mwalimu."

Mzee Glasi alikuwa amesimama. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alishika glasi.

"Huyo hajazembea. Mimi ndiye niliyekuwa namsaidia."

"Baba, kaa," Nanikagusa alisema.

"Sikai. Mchana mkienda kula nasikia injini ile wakati wanaliegesha gari. Inapiga kelele kama mtu anayegombana peke yake. Nikasema, binti yangu kasahau kumalizia. Nikaiwasha, nikajikaza na mgongo wangu huu, nikamalizia. Sikumwambia, nisimwaibishe mbele ya watu." Akamtazama binti yake. "Hata leo asubuhi ulikuwa umesahau tena. Nikawa na wasiwasi na wewe, mwanangu. Nikadhani labda unaumwa."

Fundi umeme alizima redio ya mzee, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuthubutu.

Nanikagusa alikuwa analia, na hakujificha. Kisha akafanya alichofanya siku zote anapokuwa hana uhakika: akawasha injini.

"Njoo, Baba. Weka glasi yako."

Mzee akaja taratibu, akaweka glasi ya maji juu ya chujio. Sailensi ilikuwa chini kama alivyoiacha. Maji yalisimama tuli.

"Unaona?" alisema mzee, akainamisha kichwa. "Imetulia."

"Imetulia. Sasa vuta mafuta hapo kwa mkono, halafu uachie ghafla, kama mwanafunzi."

Mzee akavuta waya wa mafuta, injini ikapaa, akaachia. Mngurumo ukaanguka moja kwa moja, ukagonga chini, injini ikazima. Akaomba iwashwe tena. Akavuta, akaachia. Ikazima. Alirudia mpaka Mwalimu mwenyewe akasema, "Mzee, inatosha," lakini mzee hakuwa anamsikiliza Mwalimu. Alikuwa anasikiliza injini.

"Kuna kitu hakipo huku nyuma," alisema.

"Uzito, Baba. Flaiwili ni jepesi. Lile ulilolizoea ni lile pale mlangoni."

Mzee aligeuka akaitazama ile sahani ya chuma iliyozuia mlango. Binti yake alichukua bisibisi, akakaza skrubu kidogo, kidogo tena. Mngurumo ukapanda. Ndani ya glasi maji yakaanza kutetemeka, duara ndani ya duara.

"Sasa vuta, uachie."

Mzee akavuta, akaachia. Injini ikaanguka, ikayumba, ikajishika, ikaendelea kunguruma. Akavuta tena, akaachia. Ikajishika.

"Lakini maji yanatetemeka," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayeomba kusaidiwa.

"Yaache yatetemeke, Baba."

Mzee Glasi akaiinua glasi yake kutoka kwenye injini, akayanywa maji yote, akaipangusa glasi kwa shati lake, na kurudi nayo kwenye kiti.

Mwalimu hakuomba radhi. Alisema tu kwamba ataiona kesho kwa macho yake, na kwamba funguo zibaki zilipo kwa usiku huo.

Ijumaa mwandishi alikwenda kwenye uwanja wa mtihani, bado akiwa na shaka zake. Mwalimu alisimama kando akiwa amekunja mikono, shingo mbele, anasubiri injini izime ili awe na haki. Haikuzima. Kijana mmoja alifeli kwa kugonga koni, na hilo halikuwa kosa la fundi yeyote. Dada muuguzi alifika kwenye makutano, akatoa mguu kwenye mafuta, na hata watu wa mbali waliona mabega yake yamepanda hadi masikioni. Mngurumo ukaanguka, ukajishika. Akaingiza gia, akaondoka, na Mwalimu akakunjua mikono.

Magari ya shule hayakuhama. Mwalimu siku hizi anasema alijua tangu mwanzo.

Nanikagusa alitaka habari hii isiandikwe. Mzee ndiye aliyetaka iandikwe. "Andika yote," alimwambia mwandishi. "Ila usiandike kwamba nimezeeka. Andika flaiwili ni jepesi."

Mpango wa binti sasa ni kutenga upande mmoja wa uwanja kwa magari ya zamani yenye flaiwili zito, na kumweka baba yake hapo, na glasi yake, na msaidizi wa kuinama badala yake. Tayari wateja wawili wa zamani wamesikia na kuuliza. Kaka zake, anasema, na waje waone.

Mwandishi alipopita kuaga asubuhi ya Jumatatu, mlango wa mabati ulisukumwa saa ile ile. Bisibisi ilikuwa upande wa kushoto wa meza. Nanikagusa aliitazama, akafungua mdomo, akamwona baba yake kwenye kiti, akaufunga. Akaisogeza bisibisi kulia kimyakimya.

"Leo huulizi?" mzee alisema.

"Nitauliza baadaye, Baba."

"Uliza sasa. Tena miaka yote hii ukiuliza unanigeuzia mgongo. Unawauliza hawa tu, wanaofanya kazi." Aliweka kikombe chini. "Na mimi niulize."

Nanikagusa alisimama katikati ya uwanja. Alimtazama fundi umeme, akamtazama mwandishi, kisha akageuka kabisa mpaka akamwelekea mzee, akamkazia macho kama anavyomkazia mtu yeyote.

"Nani kagusa?"

"Mimi," alisema Mzee Glasi, na uso wake wote ukacheka. "Nilikuwa nakaza miwani."